Mambo ya Vijana na Baraza la Wazee



Wiki hii tunapenda tuzungumze na ndugu zetu, na hasa na mama zetu na dada zetu, juu ya neno ambalo halikosekani barazani wala jikoni. Neno lenyewe ni "mambo ya vijana". Mzee akimwona mwanawe amenyoa ubavuni na kuacha nywele utosini, husema, "Hayo ndiyo mambo ya vijana." Mama akimkuta binti amejifungia chumbani na simu, anacheka peke yake, husema yayo hayo. Na aghlabu neno hilo husemwa kama mtu anavyosema juu ya upepo wa kusi: umekuja, utavuma, kisha utapita, nasi hatuna la kufanya ila kufunga madirisha.

Sisi hatukubaliani na wenye kufunga madirisha. Mambo ya vijana ni mila inayojengwa mbele ya macho yetu, na mji huu wa Amu umekwisha kukutana nayo zaidi ya mara moja. Mwenye kuikumbuka historia yake ataona kwamba baadhi ya yale tunayoyatetea leo kuwa ni urithi wa wazee yalianza kwa kuitwa utovu wa adabu.

Kwanza tuwatambue hao vijana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamhesabu kijana kuwa ni mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafikia 35. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 143,920 katika kaunti yetu ya Lamu, na katika nchi nzima ikaonyesha kuwa takriban watu watatu katika kila wanne hawajafika miaka 35. Basi wenye mvi ndio wachache. Nyumba ni za wazee kwa hati, lakini sauti zinazosikika ndani yake ni za vijana. Zamani nguo, nyimbo, lugha na namna ya kuposa zilishuka kutoka kwa wakubwa zikawafikia wadogo. Leo binti ndiye anayemfundisha mamake kutuma pesa kwa simu, na mjukuu ndiye anayemsomea babu tangazo la serikali na kumweleza maana yake. Elimu imeanza kupanda ngazi badala ya kushuka, na apandaye ngazi hupanda na mengine mkononi.

Wasomaji wetu wanawake wataturuhusu tuanze na nguo, maana ugomvi wa mama na binti mara nyingi huanzia kabatini. Bibi za bibi zetu, wale wa nyumba za mawe za Mkomani, hawakujua buibui. Bibi wa kiungwana alipotoka alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa mfano wa hema kilichoshikwa na watumwa wake pande zote. Buibui lilipoingia pwani yetu mwanzoni mwa karne iliyopita lilikuwa vazi geni. Na kwa kuwa halikuhitaji mtumwa wa kulibeba, mwanamke yeyote aliyeweza kupata kitambaa cheusi alilivaa. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907, na baada ya hapo wajukuu wa waliobeba shiraa wakajisitiri sawasawa na wajukuu wa waliofunikwa nayo. Hilo nalo lilikuwa geuzi kubwa, ijapokuwa halikupigiwa mbiu.

Kisha buibui la kujifunga, lenye ukaya wake, likaachwa. Likaja la kushonwa mfano wa koti, na baadaye zikaja abaya za kutoka Dubai zenye nakshi za mikononi ambazo bei yake hutufanya tutafute mahali pa kukaa. Mama anayemwambia bintiye leo, "Vaa buibui la heshima," mara nyingi anakusudia lile alilolivaa yeye alipokuwa na miaka ishirini, ambalo mamake mzazi hakulipenda. Amri ya sitara haikubadilika tangu shiraa hadi abaya. Kilichobadilika ni kitambaa na mshono. Tukiweza kuyatenga mambo haya mawili, nusu ya magomvi ya chumbani yatakwisha, na ile nusu iliyobaki tutaijadili tukiwa na haki ya kuijadili.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote uko Langoni, nao tutaukalia kidogo.

Habib Swaleh bin Alwy Jamalilleyl alikuja Lamu kutoka Ngazija akiwa kijana, katika karne ya kumi na tisa. Lamu ya siku zile ilikuwa mji wa ngazi. Waungwana walikaa upande wa Mkomani katika nyumba za mawe zenye zidaka na ndani kuu, na elimu ilizunguka ndani ya nyumba hizo. Upande wa Langoni walikaa wageni, maskini, watumwa na watoto wa watumwa, katika nyumba za makuti. Maulidi ya wakubwa aghlabu yalikuwa yale ya Barzanji, kwa Kiarabu na kwa utulivu, na mahali pa kuketi palijua nasaba ya mwenye kuketi. Huko Langoni vijana walikuwa na ngoma zao, na ngoma hizo ndizo zilizoitwa mambo ya kishenzi.

Angeweza sharifu yule, kwa nasaba yake na elimu yake, kukaa Mkomani akapokea heshima yake. Badala yake aliwaendea wale waliokuwa hawaendewi. Aliketi nao, akawafundisha Qur'ani na dini, akawatibu wagonjwa wao. Na yalipoletwa maulidi ya Simtu-d-Durar, yaliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun huko Hadhramaut, yakasomwa Langoni kwa matari. Ile mikono iliyokuwa imezoea ngoma haikufungwa kamba. Ilipewa matari, ikafundishwa kumsifu Mtume (s.a.w.).

Walikuwapo wakubwa waliokasirika. Matari ndani ya nyumba ya ibada? Mtoto wa mtumwa kufunuliwa elimu ambayo hata baadhi ya waungwana hawakuipata? Mambo haya yameandikwa, na wazee wetu waliyasimulia kwa sauti ya chini kwa sababu wajukuu wa pande zote mbili wameoana. Lakini mwanzoni mwa karne ya ishirini msikiti wa Riyadha ulikuwa umesimama, na alipofariki Habib Swaleh mwaka 1935 maulidi yale yalikuwa yamekwisha kuwa maulidi ya mji mzima. Leo ukifika mwisho wa Mfungo Sita, wageni huja kutoka Mombasa, Unguja, Ngazija na kwingineko hata nafasi ya kulala isipatikane. Vijana wa madrasa hupanga safu kwa kanzu nyeupe, matari yakalia, na safu ikayumba pamoja kama matawi ya mnazi mmoja. Nje kuna mashindano ya punda, ya mashua, ya kuogelea na ya kupaka hina. Watu wa nje wanaposema kwamba mji wetu, ulioingizwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, una uhai mbali na mawe yake, huwa wameona mambo haya.

Basi mzee anayeyalinda maulidi ya matari kama urithi wa mababu, huenda anakilinda kitu ambacho babu yake mwenyewe alikipinga. Hatusemi hivi kwa kumkebehi yeyote. Tunasema ili iulizwe ni kitu gani kilichofanya ngoma ya vijana wadharauliwa iwe ibada ya mji. Hawakuachiwa wafanye watakavyo, na wala hawakupigwa marufuku. Alikuwapo mtu mwenye elimu aliyekubali kuketi nao chini, kwa miaka, akawafanya kuwa wenyeji wa jambo lile badala ya kuwa waalikwa. Kazi hiyo haifanywi kwa khutba moja ya Ijumaa.

Tunajua kwamba wapo wanazuoni wetu ambao hadi leo hawayakubali matari msikitini, nao wana dalili zao na heshima yao. Hatukuchukua kalamu kufungua mjadala huo. Hata hivyo, mtazameni Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891 akafariki 1947, na aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Yeye alikuwa mkali juu ya bidaa, na alisikitishwa sana na vijana waliowaiga Wazungu katika mabaya yao na kuyaacha mazuri yao. Alifanya nini? Mwaka 1930 alianza kutoa "Sahifa" na mwaka 1932 akatoa "al-Islah", magazeti ya kuwasemesha watu kwa Kiswahili chao juu ya mambo ya wakati wao. Gazeti la Kiislamu kwa Kiswahili lilikuwa chombo kipya kabisa. Yumkini masheikh hawa wawili wasingekubaliana juu ya matari, lakini kila mmoja alikishika chombo cha zama zake na kukipeleka pale watu walipokuwa.

Na kabla yao wote tunaye kigezo chetu. Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) siku ya Idi, hakuwafukuza. Alimsitiri Bibi Aisha (r.a.) nyuma yake akamwacha atazame hadi alipochoka mwenyewe, na bibi huyo alipokuja kuisimulia habari hii aliwakumbusha watu wapime hamu ya msichana mdogo katika mchezo. Usama bin Zayd alipewa uongozi wa jeshi akiwa hajafika miaka ishirini, na ndani ya jeshi lile walikuwamo masahaba wakubwa kwa umri na kwa daraja. Wapo walionong'ona juu ya ujana wake, na Mtume akawajibu hadharani. Ukiyaweka masimulizi haya mawili pamoja utaona kwamba kijana alipewa nafasi ya kucheza na nafasi ya kuongoza. Katika nyumba zetu nyingi amepewa ile ya kwanza kwa kinyongo, na ya pili hakupewa kabisa.

Turudi kwetu, miaka ya 1980, wakati mashine za video zilipoingia Lamu. Wasichana walikusanyika majumbani kutazama filamu za Kihindi, wakalia na kucheka, wakajifunza mishono, mapambo na maneno ya mapenzi. Mtafiti kutoka Skandinavia, Minou Fuglesang, alikaa Lamu na wasichana hao, na kitabu chake kuhusu shungi na video katika maisha ya wasichana wa pwani kikachapishwa Stockholm mwaka 1994. Inafaa tulifikirie jambo hilo. Mgeni wa kutoka ng'ambo alivuka bahari ili aketi na mabinti zetu na kuwauliza wanaona nini katika zile filamu, na wengi katika wazee wa mji walikuwa wamekwisha kutoa hukumu mlangoni na kuondoka. Mabinti wale ndio mama wa leo. Waliolewa wakiwa na matarajio ambayo hakuna aliyeyajadili nao, kwamba mume atakuwa mwandani na msemaji wa maneno matamu. Baadhi waliyapata, alhamdulillah. Wengine walikuja mbele ya makadhi na masheikh kueleza huzuni ambayo mama zao hawakuwa na neno la kuiitia.

Lakini zama zile zile zina mfano wa upande wa pili. Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu kwa jina la Ustadh Mau, alizaliwa hapa Lamu mwaka 1952. Katika miaka ya 1970, naye akiwa bado kijana, alitunga "Wasiya wa Mabanati", utenzi wa kuwausia mabinti. Utenzi huo ulighanwa ukatiwa katika kaseti, na kaseti ikapita mkono kwa mkono, ikasikilizwa jikoni na vyumbani, mahali ambapo sheikh haingii. Kaseti ilikuwa chombo cha vijana wakati ule kama simu ilivyo sasa. Na kama mtu atasema kwamba hilo ni jambo jipya, tumkumbushe Mwana Kupona wa Pate, aliyetunga utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima. Mama yule alikuwa mgonjwa na alikuwa na mengi ya kumwambia mwanawe, naye aliyatia katika mashairi kwa sababu alijua kwamba mabinti huimba, na lililoimbwa halisahauliki.

Sasa tufike kwenye simu, kwani ndiyo inayotukosesha usingizi.

Katika harusi zetu, siku ya kupamba ni siku ya wanawake. Bibi harusi huketi wazi na wenzake huvaa walivyopenda, nywele nje na mikono nje, kwa amani ya kujua kwamba hakuna jicho la mwanamume. Amani hiyo ilidumu miaka na miaka kwa sababu mlango ulifungwa. Sasa mlango unafungwa na jicho liko ndani, mkononi mwa kila msichana. Picha hupigwa kwa mapenzi tu, ikatumwa kwa binamu aliye Mombasa ambaye hakupata nafasi ya kuja, binamu akamtumia shangazi aliye Muscat, na kabla ya jua kuchwa imo katika simu ya mtu ambaye hakupaswa kuiona.

Tuliwahi kuitwa kusuluhisha jambo la namna hii, nasi tunalieleza baada ya kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Mke kijana alionekana katika video ya harusi ya rafikiye, kichwa wazi, akicheza. Video ikamfikia mume kazini kwake, akionyeshwa na wenziwe kwa kicheko. Alirudi nyumbani na neno la talaka mdomoni. Ilichukua siku nyingi, na shangazi wawili wenye busara, kumfanya akubali kwamba mkewe alidhulumiwa kama alivyodhulumiwa yeye. Ndoa ilisalimika. Lakini yule binti kwa muda mrefu hakwenda tena harusini, na furaha aliyonyang'anywa haikuandikwa katika hati yoyote ya suluhu.

Baada ya hapo wakubwa wa mtaa walitoa amri kwamba simu zisiingie harusini. Amri haikushika. Simu ziliingia ndani ya mabuibui na ndani ya mikoba ya watoto, na mama mtu mzima mmoja, ambaye hatutamtaja ingawa yeye mwenyewe hucheka akikumbushwa, alikutwa na yake ndani ya kikapu cha mikate ya mofa. Kilichofaa kilitoka kwa wasichana wenyewe. Marafiki wa bibi harusi mwingine walikaa wakapanga: mpiga picha awe mmoja, mwanamke, anayejulikana, picha zibaki kwa bibi harusi peke yake, na simu zote zitiwe kapuni mlangoni, kapu lishikwe na wao. Waliwaandikia wenzao ujumbe katika kundi lao la WhatsApp wiki nzima kabla ya harusi, kwa maneno ya mzaha yaliyokuwa na ukali ndani yake, kwamba atakayepiga picha hataalikwa tena na yeyote. Simu zilitiwa kapuni. Wasichana huogopa kutengwa na wenzao kuliko wanavyoogopa kugombezwa na wazee, nao waliijua nguvu hiyo na kuitumia kulinda sitara. Sheria ilikuwa ile ile waliyoitaka wakubwa. Tofauti ni kwamba iliandikwa na wenyewe.

Yapo na mengine katika simu hiyo ambayo hayasemwi. Shuleni watoto wetu hufundishwa Kiswahili sanifu, na Kiamu hubaki lugha ya nyumbani isiyoandikwa. Lakini vijana wakiandikiana kwa simu huandika Kiamu, kama wanavyosema, tena bila kufundishwa na mtu. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Matondoni aliyefariki mwaka 2017, aliutumia umri wake kukusanya maneno ya kale na kubuni mapya. "Runinga" tunalolitamka kila siku ni katika maneno anayotajwa nayo. Kijana anayechanganya Kiamu na Sheng katika video yake ya TikTok huenda akamkera mwanafunzi wa Nabhany, na sisi wenyewe hatufurahii kila tunachosikia. Lakini lugha inayofanyiwa mzaha ni lugha iliyo hai.

Na nguvu ya vijana haikomei katika nyimbo na mishono. Palipokusudiwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, huko Kwasasi, watu wa Lamu walisimama kuutetea hewa yao na bahari yao chini ya umoja wa Save Lamu. Wazee walitoa ushahidi wa mikoko na wa samaki, na vijana wakabeba mabango na kuipeleka habari kwa simu zao hadi ikajulikana mbali na kisiwa. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni ya mtambo huo, na moja katika sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2024, tarehe hiyo hiyo ya 26 Juni, Rais wa nchi alitangaza kutoutia sahihi Mswada wa Fedha baada ya maandamano ya vijana walioitana kwa mitandao, nayo yaligharimu roho za wengi, Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa na awape subira wazazi wao. Mtu anaweza kukubaliana nao au asikubaliane. Hawezi kusema tena kwamba mambo ya vijana ni mchezo.

Lipo jambo moja ambalo hatukubali liitwe utamaduni wa vijana, nalo ni unga. Umeingia pwani hii kwa miongo kadhaa, na katika mitaa yetu hakuna anayehitaji kuelezwa sura ya aliyeshikwa nao. Muguka nayo imefanywa kuwa ya kawaida hata ikatafunwa na watoto wa shule. Mwezi wa Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilijaribu kuizuia, na mahakama ikazisimamisha amri hizo. Unga haujengi mila. Hauna wimbo wake, hauna vazi lake, hauna mwalimu wala mwanafunzi; humtoa kijana katika kundi la wenziwe mpaka abaki peke yake nyuma ya ukuta. Mama anayeuza bangili zake moja moja kwa siri ili amnyamazishe mwanawe, kwa kuogopa majirani, anajua tunalolisema. Kwake tuna neno moja: fedheha ya kulisema ni ya siku chache. Dawa ya methadoni hutolewa na hospitali za serikali katika pwani yetu, Malindi ikiwa moja ya mahali hapo, na wapo waliorudi kufanya kazi na kulea watoto wao. Ni maradhi, na mgonjwa hupelekwa kwa tabibu. Wanaouza ndio wenye kesi nyingine.

Tumelisema hilo kando kwa kusudi, kwa maana wazee wengi huyachanganya. Kinyozi cha ajabu, suruali ya kubana, wimbo wa Bongo Fleva na unga hutiwa katika kapu moja na kukemewa kwa sauti moja. Kijana akisikia nywele zake zinakemewa kwa ukali ule ule unaokemewa nao unga, huona kwamba anayekemea hajui tofauti, basi huacha kumsikiliza katika yote mawili. Akemeaye kila kitu humwachia muuza unga sikio lililokwisha kuzibwa.

Katika madrasa yetu jambo hili limefika mezani. Walimu hawajakubaliana juu ya simu. Wapo wanaotaka zipigwe marufuku hata nje ya mlango, na wapo wanaosema kwamba vijana wakubwa tayari wanasikiliza tajwidi kwa simu na kurekodi kisomo chao wakajisahihisha wenyewe, jambo ambalo halikuwezekana wakati wetu wa ubao na wino. Pia wapo vijana waliotuomba ruhusa ya kurekodi mazoezi ya matari kabla ya Mfungo Sita na kuyaweka mtandaoni, ili wenzao walio Mombasa na Ghuba wayaone. Mmoja wa walimu wetu wakubwa amelikataa ombi hilo, kwa hoja kwamba ibada haitiwi kwenye maonyesho, na hoja yake si nyepesi. Vijana wamejibu kwamba maulidi ya Riyadha yamesomwa mbele ya wageni na kamera zao tangu kabla wao hawajazaliwa.

Tumeitisha kikao cha wazazi Ijumaa ijayo baada ya sala ya Alasiri, katika ukumbi wa madrasa. Wanawake watakaa upande wa kulia, na kipaza sauti kitafika huko ili wasikie na wasikike. Tumewaomba vijana wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, waandae maneno yao, nao ndio watakaoanza kusema. Wazee watafuata. Kahawa itakuwapo, na halua tumeahidiwa.